Swali gani la stori ya Hades lilikukaa kichwani? Tupeane uzoefu (mwisho unafichuliwa humu)

Kisiki (mwanzisha uzi)
Wadau wa gemu za stori, habari za saa hizi. Kama hujamaliza Hades, pita kwanza, urudi baadaye.

Gemu hii ya Supergiant Games ilitoka rasmi Septemba 2020, na mwaka 2021 ikapewa tuzo ya Hugo, ile ya kazi za kubuni za sayansi na fantasia. Ni ya kupigana, lakini kilichonishika mimi ni maongezi. Unamchezesha Zagreus, mwana wa Hades mtawala wa kuzimu, anayejaribu kutoroka kwenda juu duniani. Kila akifa anaibuka kwenye dimbwi la damu nyumbani kwa baba yake. Hades yuko mezani anaandika, hata kichwa hainui sawasawa, na kila mtu mle ndani ana neno jipya la kukwambia. Ukishindwa ndipo stori inasogea.

Swali langu ni la Nyx, mungu wa usiku. Kamlea Zagreus, kijana kakua akijua huyo ndiye mama, hadi anaikuta barua ya Persephone, mama yake halisi. Baadaye tunaambiwa mtoto alizaliwa hana uhai, mama akaondoka na msiba wake, kisha Nyx akamhuisha. Sasa mtoto kaamka, mbona mama hakupelekewa habari? Hades ana sababu zake: mke aliomba asitafutwe, na Zeus ndiye aliyempa Persephone kwa siri, Demeter mama yake hajui, miungu wa Olympus wakigundua ni vita. Lakini Nyx? Huyu anamsaidia kijana kutoroka tangu mwanzo, kwa hiyo siyo kwamba hakujali. Nyie mlimwelewaje?

BintiPwani
Kaka Kisiki, mimi nilimwelewa haraka sana. Nimelelewa na mama mkubwa, Tanga. Aliyenizaa alikuwa anakuja sikukuu, tunamwita anti, analeta viatu na vitambaa vya kushona. Nilipoambiwa ukweli nilimuuliza mama mkubwa kwa nini alikaa kimya. Akanijibu: "Mwanangu, siri haikuwa yangu peke yangu."

Huyo ndiye Nyx. Anaishi kwenye nyumba ambayo jina la Persephone halitajwi. Kusema hawezi, ila kumfungulia kijana njia akaulize mwenyewe anaweza, na ndicho alichofanya. Nilipoona Zagreus anaendelea kumheshimu vilevile baada ya kujua kila kitu, nilisimamisha gemu nikapiga simu Tanga. Tuliongea mambo mengine kabisa, bei ya mchele na harusi ya binamu, lakini nilitaka kuisikia sauti yake.

MzeeWaPadi
Niko Muscat, mdogo wangu yuko Zanzibar. Kila mtu anacheza kwake, tunatumiana sauti za WhatsApp. Ugomvi wetu: kwa nini lazima ufike juu mara 10 ndipo Persephone akubali kurudi? Dogo anasema ni kurefusha gemu tu. Mimi nakataa.

Angalia pale bustanini. Nje kote theluji, kwake kijani, mama anashughulika na mimea yake. Anauliza swali, kijana anajibu nusu, miguu inamwishia nguvu, anaanguka. Mwili wake umefungwa na kuzimu, juu haukai. Mama aliyeambiwa mwanawe alikufa, leo amesimama mbele yake, na kabla hajamaliza kuuliza anamwona akifa tena. Hata awe nani, hawezi kufunga mizigo siku hiyo hiyo. Kila safari anasogea kidogo, na mwandishi katupa muda wa kuliona hilo.

Tena theluji yenyewe ni ya Demeter, kwa uchungu wa binti aliyepotea. Bibi huyo anampa Zagreus baraka za barafu (nguvu ambazo miungu humpa za kupigania) njia nzima, hajui kwamba ni mjukuu wake. Hapo mimi huwa naishiwa maneno.

Msomaji_wa_Kale
Naongezea kidogo. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, Persephone ametekwa, anakula punje ya komamanga, na kwa hiyo anabaki kuzimu theluthi moja ya kila mwaka. Kwenye gemu komamanga ndilo linaloziongezea baraka zako nguvu. Na jina Zagreus katika mapokeo ya Orpheus, yule mwimbaji wa hadithi za Kigiriki, linahusishwa na Dionysus, mungu wa divai. Waandishi walilijua hilo: Zagreus na Dionysus wanamtania Orpheus kwa kumwambia wao ni mtu mmoja, naye anakwenda kuliimba. Nilifurahi sana kuona wamesoma vizuri hivyo.

Kijana_wa_Ngazi
Swali langu fupi: shujaa Theseus alimuua Asterius, yule Minotaur mwenye kichwa cha fahali, mbona kule Elysium, sehemu ya mashujaa kuzimu, wanapigana bega kwa bega? Jibu lipo, Theseus mwenyewe aliomba yule aletwe. Nilimheshimu kuanzia hapo, ingawa maneno yake yanachosha.

NyotaYaJioni
Langu ni la Achilles na Patroclus, wale mashujaa wa vita vya Troya. Patroclus amekaa peke yake, amekata tamaa, anaona kaachwa. Hajui kwamba nafasi yake Elysium ililipiwa: Achilles aliingia mkataba na Hades atumike kwenye ile nyumba ili mwenzake apumzike kwa mashujaa. Kwa nini hakumwambia?

Kaka yangu aliacha shule ili ada itoshe kwangu, akasema masomo yamemchosha. Nilikuwa chuo tayari nilipopata habari kamili kwa jirani. Nilimkasirikia kabla ya kumshukuru, kwa sababu aliniamulia bila kuniuliza. Patroclus naye ana uchungu huohuo, na gemu imemwachia nafasi ya kuusema.

Kisiki
BintiPwani, dada, umenijibu, asante sana. Nimebaki na Hades. Mambo yote yale, na bado sijamsikia akimwomba mwanawe msamaha wa maana.

MzeeWaPadi
Hakuomba kwa namna ya kukaa chini na kusema nisamehe. Lakini angalia mwisho: Zagreus anapewa kutoroka kama kazi rasmi, apime ulinzi wa kuzimu una matundu wapi. Kile alichokuwa akidharauliwa nacho kimekuwa cheo, na baba ndiye kampa. Na mama akiwepo nyumbani, lugha ya Hades inabadilika. Msikilizeni anavyoongea na Cerberus, mbwa wake. Wa Hades II, gemu iliyofuata, wafungue uzi wao, ya wahusika wake Melinoë na Chronos yanahitaji nafasi yake.