Kegi bila mtungi wa gesi: sukari, pampu ya mkono au vichupa?

Jembe_la_Chachu: Wakuu, naombeni ushauri. Sina mtungi wa gesi ya bia (kaboni dayoksaidi) na sitakuwa nao karibuni. Bia yangu naiweka kwenye kegi, lile pipa lenye koki, ya lita 19. Safari iliyopita nilitia sukari gramu 115, nikaiacha wiki 2 kwenye joto la kawaida, ndipo ikaingia friji. Glasi mbili za kwanza povu tupu, zilizofuata safi ajabu, ilipofika nusu koki ikaanza kukohoa. Za mwisho zilikuwa zinadondoka kama maji ya paa. Niongeze sukari, ninunue pampu, au vile vichupa vidogo vya gesi?

MamaPipa: Kuongeza sukari usithubutu. Sukari inatia gesi ndani ya bia. Kusukuma kegi nzima ni kazi nyingine. Kila lita unayomimina inaacha nafasi ya lita moja, na gesi inaihama bia ikajaze nafasi hiyo. Ndiyo maana nusu ya pili inalala. Ukizidisha, povu la mwanzo ndilo litakalozidi.

Koki_Moja: Pampu inasukuma vizuri, ila inachopuliza ni hewa. Oksijeni ikishaingia, siku moja mbili tu bia inaanza kunuka kadibodi mbichi. Kama kegi inaisha usiku huohuo, pampu haina mpinzani. Kama ni glasi moja kila jioni, sahau.

Jembe_la_Chachu: Mimi ni wa glasi moja kila jioni. Haya, mbili.

Hesabu_Kwanza: Basi vichupa. Cha gramu 16 kinatoa takriban lita 8 za gesi kwa presha ya kawaida. Ukitaka kegi ibaki na presha ya baa 0.7 hivi juu ya ile ya kawaida kwenye friji ya nyuzi 4, kimoja kitasukuma kama lita 5 za bia. Kwa hiyo kegi nzima ni vinne, na ukiwa na mpira wa kifuniko unaovuja hata kumi havitoshi. Paka maji ya sabuni kuzunguka kifuniko kwanza, uangalie viputo. Na soma maandishi kabla ya kununua: vichupa vya kupigia krimu vinafanana na hivi, ila gesi yake siyo kaboni dayoksaidi.

MamaPipa: Kuna na kurudishia gesi kwa sukari. Kegi ikifika nusu, chemsha gramu 40 za sukari kwa maji kidogo, zipoe, mimina ndani polepole, funga, itoe kwenye friji siku 4 au 5. Hamira iliyolala chini itaamka.

Koki_Moja: Nimeijaribu. Inafanya kazi, lakini bia inachafuka kama uji na wiki nzima unaitazama tu.

Kimya2: Mimi naona kosa ni ukubwa wa chombo. Gawa bia kwenye chupa za plastiki za soda za lita 2, sukari gramu 6 kwa lita. Kila siku 2 zibonyeze kwa kidole gumba. Zikigoma kubonyea kabisa, gesi imeingia, peleka friji. Unafungua moja, unaimaliza jioni hiyo, nyingine hazijui kama kuna mtu amekunywa.

Jembe_la_Chachu: Lita 2 ndiyo jioni yangu hasa. Kegi itasubiri sherehe, na pampu nitaazima.

Koki_Moja: Azima na ile koki isiyokohoa.