Percy Jackson: mbona sikuhizi najua kila kitu kabla sijafika mwisho?

Jamani huyu Percy, kijana shujaa wa vitabu vya Rick Riordan vya miungu ya Wagiriki, nampenda toka kitabu cha kwanza, ila kitabu cha 2005 radi ya Zeus imeibiwa, cha 2023 kikombe cha Ganymede, mnyweshaji wa miungu, nacho kimeibiwa, na watatu walewale Percy, Annabeth na Grover wanaingia njiani tena. Hicho cha 2023 nimekimaliza usiku mmoja sijashtuka hata kidogo, inaniuma kweli. Ni mimi tu?

>> Sio wewe tu ndugu. Kwenye The Last Olympian, kitabu cha tano, mi niliamini kabisa Percy ndo anakufa, utabiri si umesema roho ya shujaa itachukuliwa, kumbe shujaa mwenyewe Luke, yule aliyewasaliti wenzake! Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Ndo ninachokitafuta mpaka leo.

>> Mdogo wangu ana miaka 11, yeye kashtuka kila sura.