Ulinganisho: Kiswahili na Kiingereza cha Gredi 8 Kenya, Kidato cha Kwanza Tanzania, au Cambridge?

MamaZuhura (Nairobi)

Habari za humu wapendwa. Baba watoto amehamishiwa kazi Arusha na tunahama Desemba. Binti yetu anamaliza Gredi 7 hapa Nairobi. Njia ziko tatu: abaki kwa nyanya yake amalize Gredi 9, aingie Kidato cha Kwanza kwenye shule ya binafsi inayofuata NECTA (baraza la mitihani la Tanzania), au aende shule ya kimataifa, mtaala wa Cambridge.

Karo na usafiri tumeshapiga hesabu, huko msijisumbue. Ninachotaka kujua ni lugha tu. Huyu mtoto anapenda kuandika hadithi, madaftari yamejaa chini ya kitanda, lakini sarufi inampiga chenga. Nikiuliza shuleni naambiwa "mtaala ni mzuri sana, mama". Mzuri kivipi? Naomba mtu aniambie mtoto wa miaka 13 akikaa kwenye kipindi cha lugha anafanya nini hasa.

MwalimuWaJSS

Mama Zuhura, nafundisha Kiswahili sekondari msingi (JSS, Gredi 7 hadi 9), kwa hiyo nitakwambia ya kwetu.

Mtaala wetu umepangwa kwa mada. Chukua mada ya lishe bora. Ndani yake kuna kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, na vyote vinajaribu kuzunguka chakula. Leo wanaigiza mazungumzo, kesho ni ufahamu, keshokutwa wanaandika, kisha mnaingia sarufi. Ukimaliza unahamia mada nyingine, labda matumizi ya maliasili, unaanza mzunguko upya. Faida yake ni kwamba mtoto hajifunzi sarufi ikiwa imening'inia peke yake. Hasara ni kwamba sarufi inakuja kwa vijisehemu. Ngeli wanapewa chache chache kila gredi, na yule ambaye hakuielewa ngeli ya U-I mara ya kwanza, darasa limeshaondoka.

Uandishi ni mpana kuliko tulivyosoma sisi: barua rasmi, barua pepe, hotuba, insha ya maelekezo, ya masimulizi, ya maelezo. Kuna ushairi pia, na kusoma kitabu kizima cha fasihi wakijadili wahusika na maudhui. Kiingereza kimejengwa hivyo hivyo.

Mtihani: KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi 9, ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Hiyo inabeba asilimia 60, tathmini za shuleni 20, na KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi aliyofanya Gredi 6, inabeba 20. Sasa fikiria: mwanao alishafanya KPSEA. Akiondoka, ile 20 inabaki hewani.

BabaTwalib (Mombasa)

Mwalimu amesema ya kwenye karatasi, mimi niseme ya nyumbani. Kijana wangu yuko Gredi 8. Mwezi uliopita alitumwa manila na kalamu za rangi, mradi wa Kiswahili. Wamechora, wamebandika ukutani. Nikamuuliza, "mlijifunza nini?" Akasema, "tulipanga uwasilishaji." Uwasilishaji wa nini, hajui.

Shule nyingine JSS mwalimu mmoja amebebeshwa masomo matatu manne ambayo hata hakuyasomea chuoni. Mtaala unaweza kuwa mzuri na darasa likawa tupu. Mama, usiulize mtaala. Uliza ni nani anayefundisha Kiswahili pale, na alisomea nini.

MwalimuWaJSS

@BabaTwalib hapo sibishani nawe hata kidogo.

TichaKidato (Tanzania)

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Kwanza na cha Pili, kwa hiyo Mama Zuhura nikueleze upande huu.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Kidato cha Kwanza mwaka 2025, na siku hizi tunaandika maandalio kwa lugha ya umahiri, yaani kile mtoto anachoweza kufanya. Lakini mtoto akiingia darasani kwangu, kazi kubwa ni ileile: aitazame lugha kama fundi anavyotazama saa iliyofunguliwa. Aina za maneno, uundaji wa maneno, mnyambuliko, matumizi ya lugha kulingana na mahali na watu, fasihi simulizi, utungaji.

Nitoe mfano wa kazi halisi. Naandika ubaoni: HATUKUWAANDIKIA. Naita mmoja aje aigawe. Akiwa ameiva atafanya hivi:

ha – ukanushi
tu – nafsi ya kwanza wingi
ku – wakati uliopita, kwa ukanushi
wa – mtendewa
andik – mzizi
i – kauli ya kutendea
a – kiishio

Halafu nauliza: mbona *andika* inazaa *andikia* lakini *soma* inazaa *somea*? Pale ndipo darasa linapoamka. Wanataja vitenzi: pika, pikia, funga, fungia, cheka, chekea, ona, onea. Baada ya dakika chache kuna mtoto nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, ni ile irabu ya kwenye mzizi!" Naam. Mzizi wenye *a, i, u* unachukua *i*, wenye *e, o* unachukua *e*. Sikuwaambia, wameiona wenyewe. Mtoto aliyepita hapo hawezi kuniandikia "somia".

Kwenye fasihi wanahakiki ngano, methali, nyimbo. Kuna fani (muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha) na kuna maudhui (dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo). Vitabu teule vya riwaya, tamthiliya na ushairi vinakuja kwa uzito Kidato cha Tatu na cha Nne.

Mwisho wa Kidato cha Pili kuna upimaji wa kitaifa wa NECTA, na asiyefikia kiwango anarudia kidato hicho. Huo una meno.

Binti anayeandika hadithi na sarufi inamshinda, mlete.

Mdau_Tanga

Wakenya wanajua ngeli zote kwa majina lakini sentensi mbili tu wanaingiza Kiingereza 😄

BintiPwani (Kilifi)

@Mdau_Tanga njoo Kilifi nikutafutie bibi yangu akufundishe adabu ya Kiswahili, halafu urudi Tanga na salamu. Turudi kwenye mada.

Mimi nilipita 8-4-4, mfumo wa zamani wa Kenya, na KCPE, mtihani wa kumaliza msingi: maswali 50 ya kuchagua, halafu insha ya dakika 40 kwa alama 40. Tulikuwa na misemo ya kukariri: tulidamka alfajiri, jua likachomoza, moyo ukadunda, methali mbili za kufungia. Nilipata alama nzuri na sikuwa nimeandika kitu changu hata kimoja. Ninachokipenda kwa hawa wa Gredi 7 na 8 ni kwamba mpwa wangu aliandika maelekezo ya kutoka stendi hadi kwao, na mwalimu akayafuata kwa mdomo mbele ya darasa. Akapotea. Mtoto akarudi kuandika upya. Hiyo kwangu ina thamani kuliko "jua likachomoza".

TichaKidato

@BintiPwani hapo nimekuvulia kofia, kazi kama hiyo nitaiiba. Na nikiri udhaifu wetu: utungaji upo, lakini ukiwa na watoto wengi darasani, insha unasahihisha mara chache. Uchambuzi unasahihishika haraka, hadithi haisahihishiki haraka. Kwa hiyo wengi wanatoka na uwezo wa kuhakiki ngano lakini hawajawahi kutunga ya kwao hadi mwisho.

MamaZuhura

Asanteni sana. Ticha, hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Na Kiingereza je? Huyu amesomea Kiingereza tangu gredi za chini.

TichaKidato

Kiingereza kitamchosha mwanzoni kama shule inapokea watoto waliotoka msingi za Kiswahili. Kwetu shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, wakifika sekondari lugha ya kufundishia inageuka. Kwa hiyo wiki za mwanzo kazi kubwa ni kumvusha mtoto: salamu, maelekezo ya darasani, nyakati za vitenzi. Wako atakuwa amekaa tu anachora pembeni ya daftari. Lakini umesema ni shule ya binafsi. Kama wengi wao wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, tofauti itakuwa ndogo. Uliza hilo moja kwa moja.

Upande wa pili wa shilingi: atakuwa anasoma fizikia kwa Kiingereza na wenzake, halafu mapumziko yote ni Kiswahili. Kiswahili chake cha kuongea kitanyooka kabla ya Pasaka, nakuhakikishia.

DadaSakina (Arusha)

Watoto wangu wawili wapo Cambridge hapa Arusha, shule sitaitaja. Niwaeleze maana naona watu wanaipita hii njia.

Ile ngazi ya kati ni hatua ya 7 hadi ya 9, mwishoni kuna mtihani wa Checkpoint. Kiingereza kina karatasi mbili, moja ya matini za kweli kama makala na ripoti, nyingine ya matini za kubuni, na kila moja ina kusoma na kuandika. Darasani wanachofanya sana ni kuandika rasimu, kuibomoa, kuandika tena. Binti yangu aliandika mwanzo wa hadithi moja, mwalimu akamwambia: umesema mzee "ana hasira", nionyeshe bila kutumia neno hilo. Akarudi na mzee anayekunja gazeti vipande vipande huku mkewe anaongea. Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni.

Sasa kwa nini sikushauri moja kwa moja? Kiswahili. Kwenye shule ya wangu kinafundishwa kama lugha ya pili: mazungumzo ya sokoni, familia, saa, siku. Mtoto aliyekwisha kusoma ufahamu wa Gredi 7 ataona anarudishwa darasa la pili. Mwanangu mdogo wa kiume sasa anasoma gazeti la Kiswahili kama anapanda mlima Meru. Nimemtafutia mwalimu wa jioni, hiyo ni gharama nyingine.

BabaTwalib

Kumbe! Basi kwa mtoto anayependa hadithi, Cambridge kwa Kiingereza, na Kiswahili kinakufa?

DadaSakina

Hakifi kaka, ila kinakonda. Zipo shule zina darasa la Kiswahili la wenyeji na darasa la wageni. Ndiyo swali la kuuliza getini.

MwalimuWaJSS

Niongeze jambo ambalo halijatajwa. Akibaki Kenya, akifika Gredi 10 kuna mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Lugha na fasihi ziko kwenye sayansi za jamii. Mtoto wa hadithi huko anapumua. Lakini kumwacha binti wa miaka 13 kwa nyanya miaka miwili ili afanye KJSEA, Mama Zuhura, mimi kama mzazi singefanya. Hilo si suala la mtaala, najua umesema lugha tu, nisamehe.

BintiPwani

Hata mimi nilikuwa nalisubiri mtu aliseme.

Kwangu: NECTA, na hadithi aziandike nyumbani. Sarufi ni ngumu kujifundisha mwenyewe, hadithi anazifanya tayari bila kutumwa na mtu.

DadaSakina

Mimi naona kinyume. Sarufi ya Kiswahili unaweza kumpata mwalimu wa jioni akaifundisha miezi michache, ina kanuni. Mtu wa kumsomea hadithi yake kwa makini na kumwambia hapa pamelegea, huyo hapatikani kirahisi. Ukimpata shuleni, mshike.

Mdau_Tanga

Hapa nimekaa sawa, hii hoja ya dada ni nzito. Ila mwalimu wa aina hiyo anaweza kuwa shule yoyote, hata ya kata.

MamaZuhura

Ndugu zangu mmenisaidia kuliko ofisi zote nilizopita. Nyanya tumemtoa kwenye orodha, baba mtoto mwenyewe alikuwa hataki. Zimebaki mbili. Tunakwenda Arusha wikendi ya mwisho wa mwezi kuziona. Nikifika nitazame nini, zaidi ya maneno ya mkuu wa shule?

TichaKidato

Omba kuona daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Pili, la Kiswahili, na lingine la Kiingereza. Siyo lile zuri lililowekwa ofisini kwa ajili ya wageni, omba la mtoto wa kawaida. Fungua kwenye utungaji. Kama kuna tiki nyekundu tu na sahihi chini, ujue hakuna aliyesoma. Kama kuna maneno pembeni, "huyu mhusika ametokea wapi?", "rudia aya hii", basi pale pana mwalimu. Zihesabu pia tungo zenyewe, ziko ngapi tangu muhula uanze.

DadaSakina

Na hiyohiyo ifanye Cambridge, ila kule omba kuona rasimu ya kwanza na ya mwisho za kazi moja. Wakikuletea ya mwisho tu, iliyochapwa vizuri na picha, uliza ya kwanza iko wapi. Ukishafika mjini nitumie ujumbe wa faragha, nikupeleke shule ya pili mwenyewe, barabara ya huko bila mwenyeji utazunguka.

TichaKidato

Likizo ya Desemba mpe vitenzi vitano kwa siku avinyambue, kutenda hadi kutendeshana. Aanze na *soma*.