Kamishna wa umeme achaguliwe kwa kura au ateuliwe na gavana? Mfano wa Georgia

Mleta mada, Clarkston, Georgia:

Habari zenu wadau. Naileta hoja hii kwa sababu wengi wetu tuliopata uraia huku tulipigiwa kelele za "nendeni mkapige kura" Novemba 2025, tukaikuta karatasi ina majina ya watu tusiowajua wanaogombea kiti tusichokielewa. Wengine hawakwenda kabisa. Kiti chenyewe kinaamua bili ya umeme ya nyumba zetu, kwa hiyo naona tukijadili kwa uzito.

Jimbo la Georgia lina Tume ya Huduma za Umma yenye makamishna watano. Wao ndio wanaoiruhusu au kuikatalia kampuni ya Georgia Power, yenye wateja karibu milioni 2.7, kupandisha bei na kujenga mitambo mipya. Gavana hawateui, isipokuwa kujaza nafasi iliyoachwa wazi katikati ya muhula. Wanachaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima, kila mmoja kwa miaka sita. Majimbo yanayofanya hivi Marekani ni kama 10 tu. Kwingine karibu kote gavana huteua, na South Carolina wabunge wa jimbo ndio wanaowachagua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu mwenye mamlaka ya kupandisha bili ya kila nyumba lazima aje mbele ya wenye nyumba hizo kuomba kazi.

Georgia Power haina mshindani. Ukichukizwa nayo, huwezi kuhamia kampuni nyingine ukabaki kwenye nyumba ileile. Na faida yake haitokani tu na kuuza uniti nyingi. Inaruhusiwa kurudisha gharama zake zilizokubaliwa, kisha kupata faida juu ya mtaji iliouwekeza. Mwaka 2022 tume ilikubali kiwango cha 10.5% kwa mtaji wa wanahisa. Maana yake ni kwamba kadiri kampuni inavyojenga mitambo mikubwa na ya bei ghali, ndivyo wanahisa wanavyovuna. Kampuni ikija na mpango wa mabilioni, wenye mamlaka ya kusema "huu hauhitajiki" kwa niaba ya mteja ni watu watano tu.

Angalieni kituo cha umeme cha Vogtle, kaunti ya Burke, karibu na Waynesboro. Mwaka 2009 tume iliidhinisha vinu viwili vipya vya nyuklia, namba 3 na 4. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama dola bilioni 14 kwa wabia wote, na umeme ulitakiwa uanze kutoka 2016 na 2017. Wateja walianza kulipia gharama za mikopo ya ujenzi mwaka 2011, uniti hata moja haijatoka. Machi 2017 Westinghouse, kampuni iliyosanifu vinu hivyo, ikaomba ulinzi wa kufilisika. Desemba mwaka huohuo makamishna wakapiga kura ujenzi uendelee. Kinu cha 3 kilianza kazi rasmi Julai 2023, cha 4 Aprili 2024, na gharama yote ilikuwa imevuka dola bilioni 30. Mimi si adui wa nyuklia. Umeme ule hautoi moshi, na vinu vile vitafanya kazi miaka mingi. Kinachonikera ni kwamba kila mradi ulipochelewa, mzigo mkubwa uliishia kwa mteja aliyekuwa hana la kufanya.

Tangu 2023 bei zikapanda mara sita. Nyumba ya kawaida iliongezewa zaidi ya dola 40 kwa mwezi. Mama anayelea watoto watatu kwa mshahara wa kiwanda cha kuku anajua dola 40 ni nini.

Na kipindi chote hicho hapakuwa na uchaguzi wa makamishna! Wapiga kura Weusi wa Atlanta walikwenda mahakamani wakisema kwamba kumchagua kila kamishna kwa kura za jimbo zima kunazimeza kura zao. Agosti 2022 Jaji Steven Grimberg aliwakubalia, na uchaguzi wa mwaka huo ukasimamishwa. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu ile, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri. Matokeo yake Tim Echols, ambaye muhula wake uliisha 2022, alibaki kitini miaka mitatu ya ziada. Fitz Johnson, aliyeteuliwa na Gavana Brian Kemp mwaka 2021 kujaza nafasi iliyoachwa wazi, hakuwahi kupigiwa kura hadi 2025.

Tarehe 4 Novemba 2025 wananchi walipopata nafasi wakasema. Alicia Johnson alimshinda Echols na Peter Hubbard alimshinda Fitz Johnson, wote wawili kwa zaidi ya 60%. Wanademokrasia walikuwa hawajashinda kiti cha serikali ya jimbo kwa kura za jimbo zima tangu 2006. Hilo halikutokana na mapenzi ya chama pekee. Watu walikuwa wameshika bili mkononi.

Wadau, mnaonaje?

Mchangiaji, Columbus, Ohio:

Mleta mada nakuunga mkono, na nakuongezea ushahidi kutoka huku wanakoteuliwa.

Makamishna wetu watano huteuliwa na gavana kutoka kwenye orodha ya kamati ya mapendekezo. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri sana: wataalamu, hakuna kampeni, hakuna siasa. Mwaka 2019 Gavana Mike DeWine alimteua Sam Randazzo kuwa mwenyekiti. Baadaye kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikiri katika makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu kwamba ilimlipa dola milioni 4.3 muda mfupi kabla hajashika kiti. Kampuni hiyohiyo ilimwaga takriban dola milioni 60 kwa kundi la spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, ili ipite sheria ya kuviokoa vituo viwili vya nyuklia kwa fedha za wateja. Householder alihukumiwa miaka 20 jela Juni 2023. Randazzo alikana mashtaka, akafariki Aprili 2024 kabla kesi yake haijasikilizwa.

Miaka yote hiyo mimi mteja nilikuwa na nguvu gani juu ya Randazzo? Sikumchagua, nisingeweza kumtoa, na jina lake nililisikia FBI walipokwenda kupekua nyumba yake.

Mchangiaji, Albuquerque, New Mexico:

Ndugu zangu, mimi napinga, tena napinga kwa moyo wote, kwa sababu huku tulikuwa na hicho mnachokisifu na tukakiacha wenyewe.

New Mexico ilikuwa ikichagua makamishna watano. Mmoja aliyeingia kwa kura za 2008 alijiuzulu 2011 na kukiri makosa ya jinai, yakiwemo kutumia vibaya kadi ya mafuta ya serikali na fedha za kampeni. Hakuwa na ujuzi wa nishati. Alikuwa na jina la familia linalojulikana, na jina ndilo lililompa kura. Novemba 2020 tuliulizwa kama tubadili katiba ya jimbo, tukasema ndiyo. Tangu Januari 2023 tuna makamishna watatu wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na seneti, na sheria inataka wawe na sifa za kazi.

Jirani zetu wa Arizona wanachagua. Mwaka 2014 Pinnacle West, kampuni mama ya APS, kampuni kubwa ya umeme ya jimbo lile, ilitoa kwa siri dola milioni 10.7 kusaidia wagombea wa tume itakayoisimamia. Ilikuja kukiri mwaka 2019. Mleta mada, hapo aliyemchagua kamishna ni mwananchi au ni kampuni?

Halafu kuna jambo umelipita haraka. Waliopiga kura ujenzi wa Vogtle uendelee walikuwa makamishna wa mfumo huohuo wa uchaguzi unaoutetea. Kura haikumlinda mteja hata kidogo. Kazi yenyewe ni kusoma maelfu ya kurasa za ushahidi, kukokotoa uchakavu wa mitambo, kujua mahitaji ya umeme ya miaka 20 ijayo. Mgombea anayeahidi "nitashusha bili" huwa anaahidi kabla hajausikiliza ushahidi wenyewe. Mdhibiti hukaa kama hakimu, na hakimu haahidi hukumu.

Mleta mada, Clarkston:

Kaka wa Albuquerque, hoja ya Vogtle ni nzito na siikwepi.

Ni kweli walichaguliwa. Lakini mtazame walichaguliwaje. Miaka yote kiti hiki kiliwekwa chini kabisa ya karatasi, nyuma ya rais au gavana, seneta na wengine kumi. Watu walikuwa wakiweka alama ya chama na kuondoka. Mwaka 2025, kwa sababu ya ile kesi, viti hivi viwili ndivyo pekee vilivyoshindaniwa na vyama jimbo zima. Vilikaa juu. Magazeti yaliviandika, makanisa yalivizungumza, na ndipo mtu wa kawaida akajua kwamba anaweza kumwajibisha mtu kwa bili yake. Kwa hiyo nadai kura inayoonekana.

Na uamuzi wa aina ya Vogtle haukuokolewa na uteuzi popote. South Carolina, ambako wabunge ndio wanaowachagua makamishna, tume iliruhusu vinu viwili vya nyuklia vya V.C. Summer. Julai 2017 ujenzi ukaachwa baada ya kuteketea kama dola bilioni 9, wasipate hata uniti moja, na wateja wakaendelea kulipia.

Kuhusu Arizona: aliyehangaika tangu 2016 kuilazimisha kampuni itoe vitabu vyake alikuwa kamishna aliyechaguliwa, Bob Burns, Mrepublican. Wenzake walimkwamisha. Uchaguzi ukabadilisha sura za tume, na ndipo nyaraka zikatoka. Huko Ohio ilibidi wasubiri FBI.

Hilo la hakimu nalipokea nusu. Bei ya haki ina hesabu ndani yake, na hesabu inataka wataalamu, ambao tume inao na inawalipa. Ila kuamua hatari ya mradi ibebwe na mwanahisa au na mama wa kiwanda cha kuku si hesabu. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na mimi nataka aufanye mtu ninayeweza kumwondoa.

Mchangiaji, Houston, Texas:

Huku tuna mifumo yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo niseme niliyoyaona.

Februari 2021 baridi kali ilipotukumba, zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zilikosa umeme, na hesabu rasmi ya jimbo ni vifo 246. Wakati ule umeme ulisimamiwa na tume ya watu watatu walioteuliwa na Gavana Greg Abbott. Kufikia katikati ya Machi wote watatu walikuwa wametangaza kujiuzulu. Visima na mabomba ya gesi, ambayo kuganda kwake kulichangia sana vituo vya umeme kuzimika, viko chini ya Railroad Commission, tume ya mafuta na gesi licha ya jina lake la reli, ambayo makamishna wake watatu huchaguliwa. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa ajili ya maafa yale. Mmoja wao, Wayne Christian, aligombea tena Novemba 2022 na akashinda.

Sisemi uteuzi ni bora, maana gavana naye alijiokoa kwa kuwaacha wale waondoke. Nasema tu kwamba kura haikuwagusa waliostahili kuguswa. Waliozika ndugu zao mwezi ule hawajasahau.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Naingia kidogo tu, maana nimeshangaa. Hapa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, haichaguliwi na mtu, bodi inateuliwa. Lakini kabla ya bei ya umeme kubadilika lazima pafanyike uchunguzi wa wazi wananchi watoe maoni, na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mteja. Kama linafanya kazi hiyo ipasavyo, hilo tulijadili siku nyingine. Je, Georgia mteja anasimamiwa na nani ndani ya chumba cha kusikiliza maombi ya bei?

Mleta mada, Clarkston:

Mdau wa Dar, umeuliza swali ambalo wagombea wengi hawaulizwi. Ofisi iliyokuwa ikimtetea mteja mbele ya tume ilikuwepo. Mwaka 2008 ilinyimwa fedha ikafa. Tume ina wataalamu wake wanaotakiwa kutetea maslahi ya umma, lakini huishia mara nyingi kufanya makubaliano na kampuni kabla makamishna hawajapiga kura. Vikundi vya watumiaji na mazingira huleta mawakili wao kwa fedha za michango, upande wa pili Georgia Power ina jopo zima, na gharama za jopo hilo zinaweza kuingizwa kwenye bei tunayolipa. Kwa hiyo nakubali kura peke yake haitoshi. Ofisi ile irudishwe kwa sheria na ipewe bajeti isiyoweza kukatwa kimyakimya.

Mzee wa Houston, pole sana kwa msiba ule.

Sasa kuna jambo la haraka. Tarehe 19 Desemba 2025, siku chache kabla Alicia Johnson na Hubbard hawajaapishwa, tume ya zamani iliidhinisha kwa kura zote tano uwezo mpya wa karibu megawati 10,000, sehemu kubwa kwa ajili ya vituo vya data. Kampuni inasema vituo hivyo vitalipa kiasi cha kupunguza mzigo wa wateja wa nyumbani. Muhula wa Hubbard ni mfupi, kiti chake kinarudi kwenye kura Novemba 2026 pamoja na cha Tricia Pridemore, na sasa tume ina Warepublican watatu na Wanademokrasia wawili.

Mliojiandikisha kupiga kura Georgia, hata kama umeme wenu unatoka kwenye ushirika na bei yake haipangwi na tume hii, karatasi yenu ina kiti hiki. Wagombea wakija kanisani au msikitini kwenu kuomba kura, waulizeni: vituo vya data vikichelewa, au visipokuja kabisa, mitambo iliyokwisha kujengwa kwa ajili yao italipiwa na nani? Atakayejibu kwa kutaja kifungu cha mkataba, mlete jibu lake hapa tulichambue.