Kichwa cha treni ya modeli kinakata sauti ghafla, ni betri au bodi imekufa?

BabaNeema_Ohio
Habarini wakuu, naombeni msaada. Niko Columbus, Ohio, huku watu wana desturi ya kuzungusha treni chini ya mti wa Krismasi, sasa binti yangu aliiona kwa jirani akanisumbua mpaka nikanunua used kwa mzee mmoja alikuwa anauza vitu vyake vya gereji. Ni saizi ya O, ile ya reli tatu, kichwa cha mvuke na behewa lake la makaa. Kinatembea vizuri kabisa, taa zinawaka, moshi unatoka. Shida ni sauti. Nikishusha umeme kwenye transfoma ili kirudi nyuma sauti inakata papo hapo, kikipita sehemu ya reli yenye uchafu hivyohivyo, inakata alafu inaanza upya. Na nikipunguza sauti leo, kesho nakuta imerudi juu kama mwanzo. Mzee alisema ilikaa darini zaidi ya miaka kumi bila kuwashwa. Nimefungua behewa la makaa nimekuta betri nyeupe, umbo lake ni kama ile ya mstatili ya king'ora cha moshi. Nilitaka nichomeke 9V ya kawaida niliyonayo ndani, wife akasema uliza kwanza. Kuna anayejua?

ReliNaMoshi
Msikilize shemeji, usichomeke hiyo 9V! Betri ya humo inachajiwa na bodi kila unapoweka umeme kwenye reli, sasa ukiweka alkalini ya dukani bodi itajaribu kuichaji na ile haikuumbwa kuchajiwa, itapata joto, itavuja, inaweza hata kupasuka ikiwa imekaa juu ya bodi yenyewe.

Soma namba kwenye betri kabla ya kununua chochote maana injini hazifanani. Kwa MTH (kampuni ya treni za modeli), zile zenye mfumo wa sauti wa Proto-Sound 2 za mwanzo zina bodi ya volti 5 na betri yake ni 8.4V ya nikeli (NiMH), zilizofuata zina bodi ya volti 3 na betri ya 2.4V, Proto-Sound 3 haina betri kabisa, ina kapasita kubwa (kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi). Injini nyingi za zamani zenye sauti za Lionel, kampuni nyingine, ndio zinatumia 9V alkalini ya kawaida, hapo ndipo watu wanapochanganya, wanasikia mtu anasema weka tisa tu na wao wanaweka.

Dalili ulizotaja zote ni betri. Kazi yake ni kushikilia sauti sekunde chache umeme unapokatika na kuipa bodi muda wa kuandika seti zako kabla ya kuzima. Jaribio ni rahisi, washa, iache ingurume kidogo, kata umeme. Sauti ikiendelea sekunde kadhaa ndipo izime, betri ni nzima. Ikikata hapohapo, imekwisha.

fundi_kisauni
Mimi niko Mombasa, treni hizi sijazishika ila betri za nikeli nimefungua nyingi sana kwa simu za mezani zisizo na waya, kwahivyo nachangia upande huo. Kila seli ndani ni 1.2V, 8.4 ni seli saba zimepangwa. Ichaji kisha ipime na mita. Ikisoma kama 9 hivi iko sawa, ikigota kwenye 7 na kitu ujue seli moja imekufa na hakuna dawa, usihangaike. Betri za aina hii zinaishiwa zenyewe zikikaa, na zikikaa miaka tupu ndio zinakufa, si kwa kutumika sana.

Angalia pia kama kuna unga mweupe au wa kijani kwenye viunganishi. Huo ni uvujaji, ni alkali, paka siki au ndimu kwa kijiti cha pamba, futa, kisha malizia na spiriti na uache ikauke kabisa. Usishike kwa mkono mtupu ukajipangusa macho.

BabaNeema_Ohio
Asanteni sana ndugu zangu. Imeandikwa 8.4V NiMH. Nimeiacha usiku kucha kwenye chaja ya rafiki, leo nimepima inasoma 7.3. Unga hakuna, Mungu mkubwa. Sasa dukani mtandaoni naona za umbo hilohilo zimeandikwa 7.2, nyingine 8.4, nyingine 9.6, na kuna za lithiamu zenye tundu la USB zinasifiwa kudumu. Nichukue ipi?

ReliNaMoshi
8.4 NiMH peke yake kaka. Lithiamu achana nayo hata kama ni nzuri kiasi gani, inataka mfumo wake wa kuchaji na bodi yako haina. Ukichoka na betri kuna kapasita zinazouzwa kwa kuchomekwa mahali palepale, inajaa kwa dakika moja hivi na huna haja ya kubadilisha tena, mimi kwa injini ninazotoa mara moja kwa mwaka nimeweka hizo zote.

Wakati wa kubadilisha toa injini relini, subiri kila kitu kizime ndipo uchomoe. Ganda linyanyue taratibu, kuna waya fupi za spika, ukivuta kwa nguvu zinakatika. Mpya ukiiweka acha injini imesimama relini na umeme masaa kadhaa ukiwepo nyumbani, na ZIMA swichi ya moshi, utambi ukikauka unaungua. Baada ya hapo iendeshe nusu saa kila baada ya mwezi mmoja au miwili, usingoje Krismasi.

BabaNeema_Ohio
Imefika juzi nimeiweka. Nimekata umeme na kengele imeendelea kulia, binti amepiga makofi! Seti za sauti nazo zimekaa. Ile mbovu nitupe wapi?

ReliNaMoshi
Hongereni sana! Usitupe kwenye takataka. Home Depot na Lowe's wana boksi la kukusanyia betri za kuchaji, weka selotepu kwenye vichwa vyake viwili kwanza.