Chinchila wa kufugwa wanaweza kurudishwa porini? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naishi Minnesota na familia. Binti yangu anafuga chinchila wawili (vinyama vya jamii ya panya, vyenye manyoya laini), dume na jike, kila mmoja na kizimba chake. Sasa ameshikia bango jambo moja: tuwaache wazaane, watoto wapelekwe Chile kwa kuwa huko porini wanaisha.

Kwamba wanaisha, hajakosea. Manyoya yao, yanayoota kwa makumi kutoka tundu moja la ngozi, ndiyo yaliyowaponza. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliwindwa nusura watoweke. Siku hizi kuwawinda ni marufuku, ila mbuzi wanamaliza malisho, vichaka vinakatwa kuni na migodi inakula milima yao. Hifadhi ya Las Chinchillas, karibu na mji wa Illapel huko Chile, ipo tangu 1983, lakini makundi mengi yako nje ya mipaka yake.

Kinachonitia shaka ni nasaba. Wengi wa hawa wa kufugwa wametokana na 11 tu ambao Mmarekani Mathias Chapman aliwatoa Chile na kuwaingiza California mwaka 1923, na tangu hapo wamekuwa wakichaguliwa kwa rangi na manyoya. Dume letu ni jeupe pee. Juu ya mwamba mbweha atalipata siku hiyohiyo. Na magonjwa je?

Waliosomea mifugo au wanyamapori, naombeni msaada: kuzalisha nyumbani kunawafaa kweli wale wa porini, au nimhasi tu huyu dume? Na mtoto wa miaka kumi nimweleweshe vipi bila kumkatisha tamaa?