Juisi ya birimbi kwa mwenye presha: anywe asubuhi au usiku?

Binti_Muyuni: Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, usingizi sina. Baba yangu ana presha ya miaka mingi. Nyuma ya nyumba tuna mbirimbi umezaa mpaka shina halionekani, na nimesikia juisi yake inashusha presha. Ameshaanza. Mlioitumia, wakati gani ni bora?

Mzee_wa_Konde: Birimbi ni ya mchuzi wa papa, binti yangu. Kwa afya mpe stafeli. Marehemu mama alilipasua kwa mkono, akalikamua kwenye chujio, mbegu akazifukia kuku wasizidonoe. Ramadhani nzima tulifuturia hilo.

Shamba_Langu: Tunayadharau matunda yetu! Fenesi, doriani, shokishoki, yote asili yake misitu ya mvua ya Asia, na hapa Unguja yanastawi. Pera linalipita chungwa kwa vitamini C. Lakini watu na soda, soda na watu.

Nesi_Zamu: Dada, anakunywa kiasi gani, na kwa siku ngapi? Vidonge vya presha anaendelea navyo?

Binti_Muyuni: Glasi asubuhi, glasi jioni, leo siku ya 8. Nasaga birimbi kama 20 kwa glasi, bila maji. Vidonge tumevisimamisha kwanza. Vile ni kemikali tupu, hili ni tunda tu.

Nesi_Zamu: Tunda hilo limejaa oksaleti. Kwenye mchuzi unatia nne au tano, mnakula nyumba nzima. Baba anakunywa 40 kwa siku peke yake! Oksaleti ikishikana na kalsiamu inakuwa chembechembe kama mchanga, zinaziba vijia vya figo. Kule Kerala, India, madaktari waliripoti mwaka 2013 watu waliofeli figo ghafla kwa juisi hii hii. Figo za baba zilikuwa nzima?

Mcha_Mungu: Mzazi hafanyiwi majaribio. Muombe radhi.

Kipanga: Hii chai. Mwanzo presha, sasa figo. Kesho mtaona uzi wa kuuza unga wa birimbi.

Binti_Muyuni: Wallahi si chai, kaka. Mwaka jana hospitali walisema figo zimeanza kuchoka. Sikuandika kwa kuwa nilijua mtanigombeza. Tangu juzi anakojoa mara moja kutwa, miguu imejaa, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Nilitaka amalize siku 14, ndiyo dozi niliyoambiwa. Presha ilianza kushuka jamani.

Nesi_Zamu: Hakuna siku 14. Mpeleke usiku huu. Beba juisi iliyobaki na vidonge vyake, wataje birimbi kwa jina. Fenesi, doriani, ndizi na dafu asiguse mpaka wapime potasiamu. Figo zikishindwa kuitoa inaweza kusimamisha moyo.

Mzee_wa_Konde: Hata dafu?

Nesi_Zamu: Hata dafu, mzee wangu.

Kipanga: Dada, kama ni kweli nisamehe. Usafiri unao?

Binti_Muyuni: Jirani ametutoa na gari lake, tumeshafika. Wamemchukua damu. Daktari kauliza birimbi ngapi, nikamwambia 20 kwa glasi, akaniuliza tena. Chupa ninayo hapa mkononi.